Shajara ya mradi: jeli ya dawa kwenye mshono wa mrija wa kusafishia damu

Juma la 1

Mirija ya majaribio imefika leo. Kabla ya kuifungua nimeona niandike kwa nini tunaihitaji, ili mwenzetu atakayejiunga nasi katikati ya kazi asilazimike kukisia.

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa juma, na kila mara mashine huvuta damu kiasi cha mililita 300 hadi 450 kwa dakika, kasi ambayo vena ya kawaida ya mkono haiwezi kuihimili. Njia iliyo bora ni kuunganisha ateri na vena moja kwa moja, upasuaji ambao Brescia, Cimino na wenzao waliueleza mwaka 1966 na ambao huitwa fistula ya mkononi. Hata hivyo, wako wagonjwa ambao vena zao ni nyembamba mno, au zimechakaa kwa kuchomwa sindano miaka mingi. Hao hupitishiwa mrija bandia chini ya ngozi, upande mmoja ukishonwa kwenye ateri na wa pili kwenye vena. Mrija huo umetengenezwa kwa PTFE, aina ya plastiki, iliyovutwa mpaka ikawa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na kipenyo chake kwa kawaida ni milimita 6.

Mrija wenyewe hauchoki upesi. Kinachochoka ni mahali unapokutana na vena. Vena imezoea damu ya taratibu yenye shinikizo dogo, na ghafla inapokea damu ya ateri kupitia mrija mgumu usiotanuka pamoja nayo. Mkondo hugonga ukuta wa pili, hujiviringa kwenye kona, na ukuta wa vena hujibu kana kwamba umejeruhiwa, jambo ambalo ni kweli kwa sababu umekatwa na kushonwa. Seli za misuli laini na zile za tishu unganishi za tabaka la nje hugawanyika, huhama kuelekea ndani na kujenga tabaka jipya la nyama linaloziba njia kidogo kidogo. Kipenyo kikipungua kutoka milimita 6 hadi 3, eneo la kupita damu hubaki robo, na kwa hesabu ya mrija mrefu ulionyooka ukinzani huongezeka mara 16. Mkondo ukishapungua kiasi hicho, damu huganda ndani ya mrija, na mgonjwa hurudi kwenye chumba cha upasuaji.

Juma la 2

Tumekubaliana kwamba dawa itawekwa nje ya mshipa, mahali pa mshono, wakati wa upasuaji wenyewe. Uamuzi huu haukuwa mgumu kwangu, ingawa najua wengine wangependelea njia nyingine.

Vidonge vimejaribiwa kwa uzito unaostahili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa 649 waliokuwa wamewekewa mirija mipya walipewa ama dipiridamoli pamoja na aspirini, dawa za kuzuia damu isigande, ama vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, mirija iliyokuwa ingali wazi bila kusaidiwa kwa namna yoyote ilikuwa asilimia 28 kwa kundi la kwanza na 23 kwa kundi la pili. Tofauti ipo, lakini ukisoma takwimu hizo kutoka upande wa mgonjwa, maana yake ni kwamba hata waliotumia dawa, zaidi ya theluthi mbili walihitaji kuzibuliwa au walipoteza mrija ndani ya miezi 12. Kinachonishawishi kuhusu dawa ya mahali pamoja ni hesabu nyepesi: dawa inayomezwa husambaa mwili mzima ili sehemu ndogo sana yake ifike kwenye sentimita mbili za vena, na ukitaka sehemu hiyo iwe kubwa, mwili wote unalipa.

Puto za kutanulia mshipa zilizopakwa paklitakseli (dawa ya kuzuia seli zisigawanyike) na stenti zilizovikwa utando (vijibomba vya waya vinavyoushikilia mshipa uwe wazi) zina nafasi yake. Mwaka 2010 ilichapishwa ripoti ya wagonjwa 190 ambao miunganiko yao ya vena ilikuwa imesinyaa: miezi 6 baada ya matibabu, sehemu iliyotibiwa ilikuwa wazi kwa asilimia 51 ya waliowekewa stenti ya namna hiyo, na kwa asilimia 23 ya waliotanuliwa kwa puto peke yake. Lakini hizo ni tiba za njia ambayo tayari imesinyaa. Sisi tunataka kufika mapema zaidi. Wakati wa kushona mrija ndio wakati pekee ambapo daktari wa upasuaji ameishika vena mkononi, anauona ukuta wake wa nje pande zote, na anaweza kuweka kitu pale bila kufungua jeraha jipya.

Juma la 3

Tumechagua sirolimasi. Hii ni dawa iliyopatikana kutoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na huzuia seli isiingie katika hatua ya kunakili vinasaba vyake, hivyo seli hubaki hai lakini haigawanyiki. Paklitakseli nayo ina nguvu, na kwa kuwa hupenda mafuta huingia kwenye ukuta wa mshipa kwa urahisi, ila kipimo kikizidi huua seli na kuudhoofisha ukuta palepale uliposhonwa. Mshono dhaifu unaobeba damu ya ateri ni hatari ambayo siko tayari kuisogelea. Nimekumbuka pia kwamba kitambaa chenye paklitakseli kilichozungushiwa muunganiko kilifanya vizuri kwa wanyama, lakini jaribio lake kwa binadamu likasimamishwa kwa sababu ya maambukizi. Utando wa kolajeni wenye sirolimasi, kwa upande mwingine, uliwekwa kwa wagonjwa 12 na ripoti yake ikachapishwa mwaka 2012. Kundi ni dogo na halikuwa na walinganishwa, lakini limeonyesha kwamba jambo lenyewe linawezekana.

Nimeandika kwa wino mwekundu kwenye ukuta wa maabara: kila dawa inayozuia nyama kuota ndani ya vena inazuia pia jeraha kupona nje yake. Sirolimasi haina msamaha hapa. Ndiyo maana swali letu kubwa linahusu mahali dawa itakapokaa na muda itakaokaa hapo, kuliko linavyohusu wingi wake.

Kibebaji ni jeli ya polima yenye vipande vya asidi ya laktiki, asidi ya glikoliki na polietilini glikoli. Ikiwa baridi humiminika kama maji mazito, na ikifikia joto la mwili hushikana. Baada ya majuma kadhaa humeng'enyuka yenyewe. Kundi la Chuo Kikuu cha Utah limetumia jeli za aina hii kuzunguka mirija ya nguruwe, na tumejifunza mengi kutoka kwao.

Juma la 5

Majuma mawili ya kazi yamekwenda bure, na kosa ni langu.

Tulikuwa tunapima jinsi dawa inavyotoka kwenye jeli. Kila chupa ilikuwa na jeli kidogo chini na maji ya chumvi juu, yote yakiwa ndani ya beseni la nyuzi joto 37. Kila siku tulichota mililita moja, tukaipeleka kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali na kuchora kila moja kama kilele, kisha tukarudisha mililita moja ya maji safi. Mchoro uliotoka ulikuwa wa kupendeza: dawa ilipanda kidogo siku ya kwanza, kisha mstari ukalala karibu sawa kwa siku 12. Nilikwisha kuandika kwenye daftari kwamba jeli yetu inatoa dawa polepole kuliko tulivyotarajia.

Mwanafunzi wetu mdogo kuliko wote alisimama nyuma yangu akiangalia mchoro, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mwalimu, dawa hii inayeyuka kiasi gani kwenye maji?"

Sirolimasi huyeyuka takriban mikrogramu 2.6 tu kwa mililita ya maji, na mstari wetu ulikuwa umelala karibu na hapohapo. Maji yalikuwa yameshiba. Jeli haikuwa imezuia chochote. Dawa ilikosa pa kwenda. Ndani ya mwili mambo ni tofauti, kwa sababu protini za damu na mafuta ya tishu huifyonza bila kukoma. Nilimshukuru mbele ya wenzake wote, kwa sababu swali lake limetuokoa na miezi ya kujenga juu ya mchanga.

Tumeanza upya. Maji sasa yamewekewa polisobati kidogo, kemikali ya jamii ya sabuni inayosaidia dawa kuyeyuka, na yanabadilishwa yote kila siku badala ya kuchotwa mililita moja. Chupa za plastiki tumeziacha tukatumia za kioo, kwa kuwa dawa zinazopenda mafuta hunata kwenye plastiki, na ukipima maji pekee utadhani hazikutoka.

Juma la 7

Jambo la pili ambalo maji ya kwanza yalikuwa yameficha limejitokeza. Kwenye karatasi ya kromatografia, kando ya kilele cha sirolimasi, kimeota kilele kingine kifupi kinachokua kadiri chupa inavyokaa kwenye joto. Sirolimasi ikiwa ndani ya maji yenye joto la mwili hufunguka pete yake na kuwa kitu kingine kisichokuwa na nguvu ileile. Kwa hiyo kuna dawa iliyotoka na ikafa kabla hatujaipima. Tusipokihesabu kilele cha pili, tutadhani jeli imeishikilia dawa ambayo kwa kweli imekwisha kuiachia.

Sasa tunajumlisha vilele vyote viwili ili kujua kilichotoka, na tunakiangalia cha kwanza peke yake ili kujua kilicho hai. Ni kazi ya ziada ya karibu nusu siku kwa kila seti, lakini bila hiyo nisingeweza kumtazama daktari yeyote machoni nikamwambia dawa yetu inafanya kazi kwa siku ngapi. Habari njema ni kwamba dawa iliyo bado ndani ya jeli inaonekana kuhifadhika vizuri kuliko ile iliyoko majini.

Umbo la kutoka kwa dawa si la kuridhisha bado. Sehemu kubwa hutoka siku mbili za kwanza, yaani wakati jeraha ni bichi na linahitaji seli zigawanyike ili lifunge. Tutaigawa dawa: kidogo kiwe ndani ya jeli, na kilichobaki kifungwe kwanza ndani ya chembe za duara za polima zitakazochanganywa kwenye jeli hiyo.

Juma la 8

Leo sikuwa maabara. Nilikwenda kwenye wodi ya kusafishia damu, kwa mwaliko wa sista anayeisimamia, kwa sababu niliona aibu kuandika kuhusu mirija hii miezi miwili bila kuugusa hata mmoja ulio ndani ya mtu.

Mzee mmoja alinyoosha mkono kabla sijamwomba. Mrija wake unapita kama kitanzi chini ya ngozi ya kigasha, na ngozi juu yake ina madoa mengi madogo ya sindano. Aliuchukua mkono wangu akaweka vidole vyangu viwili juu yake. Nilichohisi si mapigo ya moyo kama ya kifundo cha mkono. Ni mtetemo usiokatika, kama wa paka anayekoroma, na ukisogea kuelekea kwenye muunganiko wa vena hubadilika ukawa na mdundo mkali zaidi. Sista alinieleza kwamba mabadiliko hayo pale juu huwa ni dalili ya njia kuanza kubana, na kwamba mrija ambao mkondo wake umeshuka chini ya mililita 600 kwa dakika hupelekwa kuchunguzwa.

"Mwanangu," mzee akasema, "kila alfajiri kabla sijanawa uso nauamkia kwanza huu. Umekwisha kuninyamazia mara tatu."

Mara tatu alizibuliwa. Nimeziandika hapa kwa sababu kwenye majedwali yetu mtu wa namna hiyo huwa ni nukta moja inayosomeka "imeshindwa, miezi 5".

Nimejifunza pia jambo la kiufundi ambalo sikulitarajia. Wauguzi hawapendi kitu chochote kigumu karibu na sehemu ya kuchoma sindano, kwani wanaitafuta njia kwa vidole. Jeli yetu ikivimba au ikisambaa kwenye mwili wa mrija itawapoteza. Inapaswa kubaki kwenye muunganiko tu.

Juma la 11

Kukaa mahali pamoja ndiko kunakotushinda.

PTFE haipendi maji. Tone la jeli baridi likidondoshwa juu ya mrija hukaa kama umande juu ya jani la yungiyungi, kisha hujiviringisha likaanguka. Juu ya vena mambo ni afadhali, kwani tishu ni nyevu na huishika. Tatizo lingine ni joto. Tulikuwa tumepima kushikana kwa jeli kwenye beseni la nyuzi 37, lakini jeraha lililo wazi chini ya taa za upasuaji lina joto la chini kuliko mwili, na jeli yenyewe, ikitoka kwenye jokofu, huipoza tishu zaidi. Kwenye jaribio la leo, juu ya vena ya nguruwe kutoka machinjioni iliyowekwa kwenye nyuzi 31, jeli ilibaki majimaji kwa muda wa kutosha kuteremka yote upande wa chini na kukusanyika kwenye mfereji kando ya mshipa. Upande wa juu ulibaki mtupu.

Nilikaa nikiitazama ile vena kwa muda mrefu. Kwa macho, kazi ilionekana imefanyika, kwa sababu jeli ilikuwepo. Lakini kona ya mbele ya mshono, ambako nyama huota zaidi, haikuwa na hata tone.

Juma la 12

Tumebadilisha uwiano wa vipande vya polima ili jeli ishikane mapema, karibu nyuzi 28. Gharama yake ni kwamba sirinji iliyokaa mkononi mwa mtu dakika kadhaa huanza kuziba. Tumeamua itumike moja kwa moja kutoka kwenye barafu, kwa matone madogo yanayoachwa yashikane kabla ya kuongezwa mengine. Kusafisha vijidudu kwa mvuke wa moto hakuwezekani, kwani joto hilo huiharibu polima, hivyo tunaichuja ikiwa baridi kupitia kichujio cha mikromita 0.2 na kuchanganya chembe zilizosafishwa kando.

Juma la 14

Kabla ya kuendelea na jeli tulijenga kielelezo cha mkondo, ili kila mtu kwenye kundi aone kwa macho yake kile tunachokipigania. Mrija wa milimita 6 umeunganishwa kwa pembe kwenye mfereji wa silikoni wenye umbo la vena, na pampu inazungusha mchanganyiko wa maji na gliserini ambao uzito wake wa kutiririka unakaribia ule wa damu. Tunaingiza rangi nyekundu kwa sindano nyembamba.

Rangi ilipofika kwenye muunganiko, sehemu kubwa ilikwenda moja kwa moja, ikagonga sakafu ya vena mkabala na mshono na kuendelea. Lakini nyuma, kwenye kisigino cha mshono, kishungi kidogo cha rangi kilibaki kikizunguka peke yake hata baada ya mrija wote kuwa safi. Kilizunguka, kikapauka, kikakatika, kikaanza tena kila pampu iliposukuma. Seli za ukuta unaoguswa na kishungi hicho hazipati msukumo wa mkondo unaozituliza, na zile za sakafu hupigwa kupita kiasi. Pale rangi ilipochelewa na pale ilipogonga ndipo tumechora kwa kalamu kwenye silikoni, na ramani hiyo sasa ndiyo inayotuongoza pa kuweka jeli: kutoka kisigino hadi sentimita 2 mbele ya mshono, ukijumuisha sakafu. Hiyo sakafu iko chini ya vena, upande ambao mkono wa mpasuaji haufiki kwa urahisi.

Juma la 17

Daktari wa upasuaji anayeshirikiana nasi ametushonea miunganiko 4 kwenye vena za machinjioni, kwa uzi uleule na kwa kasi ileile ya chumba cha upasuaji. Nilimwomba asitusaidie kwa kuwa mwangalifu kupita kawaida. Aliniambia, "Daktari, mimi nikimaliza mshono nafungua vibano, naangalia kama kunavuja, kisha nafunga. Mkinipa kazi ya dakika kumi pale, hamtapata mtu wa kuifanya." Tumepunguza hatua zetu zikaenea ndani ya dakika tatu.

Miunganiko hiyo ilikaa siku 21 ndani ya mzunguko wa maji ya joto, kisha tukaigandisha na kuikata vipande vyembamba. Jeli ilikuwa imetiwa rangi inayong'aa chini ya mwanga maalumu wa hadubini. Katika kipande cha kwanza niliona duara la kijani karibu kamili kulizunguka tundu la vena, na ninakiri moyo ulinipiga. Cha pili na cha tatu vilikuwa hivyohivyo. Kipande cha nne, kilichokatwa kupitia kona ya mbele, kilikuwa na duara lililokatika upande wa chini, palepale kwenye sakafu. Miunganiko mitatu kati ya minne ina pengo hilohilo mahali hapohapo.

Chembe za duara zimefanya kazi yake, kwani mmiminiko wa dawa wa siku mbili za kwanza umepungua waziwazi na dawa hai bado inapimika siku ya 21. Hapa lazima niweke tahadhari kwa maandishi: kwa nguruwe, muunganiko hubana vibaya ndani ya majuma machache tu, ilhali kwa binadamu huchukua miezi. Jeli inayotosha kwa nguruwe inaweza kuwa fupi mno kwa mzee wa wodini. Sitaki ombi letu kwa kamati ya maadili ya utafiti lifiche hilo, na nimeliweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Juma la 18

Pengo la sakafu tutaliziba kwa namna ifuatayo. Kabla ya kushona, mpasuaji atapitisha ukanda mwembamba wa kolajeni chini ya vena, kama mbeleko, na ukanda huo utakuwa umekwisha kulowekwa kwenye jeli na kuachwa ishikane. Baada ya mshono atakunja kingo zake juu na kuongeza matone ya jeli kwenye kona ya mbele. Ukanda unaoyeyuka ni afadhali kuliko kitambaa kinachobaki, kwa sababu ya hofu ya maambukizi niliyoiandika juma la 3, na kolajeni inashika jeli vizuri kuliko PTFE inavyoishika.

Tumeupima kwenye vena moja leo. Ukanda ulikaa, lakini ulipokunjwa ulitengeneza ukingo mnene ambao vidole vinauhisi kupitia ngozi ya majaribio. Nimemkumbuka sista. Upana umepunguzwa kutoka milimita 20 hadi 14, na kingo zitakatwa kwa mshazari.

Jumatatu tunaanza mishono 6 mipya, 3 yenye ukanda na 3 bila ukanda, na mwanafunzi atakayesoma vipande kwenye hadubini hataambiwa kipi ni kipi.